Kuhamia Lapi Mpya Bila Kuacha Kitu Nyuma: Setingi, Programu na Zile Faili Hukumbuki Uliziweka Wapi

Wasee wengi mtaani wanabadilisha lapi siku hizi, na wengi hawakupanga. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10. Windows 11 nayo ina maringo. Inataka TPM 2.0, RAM ya kuanzia GB 4 na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, ni ya kizazi cha 8 kwenda juu. Sasa cheki ile mashine iko juu ya meza yako. Kama ni HP EliteBook 840 G1, G2 au G3, ama ThinkPad T440, T450 au T460, hiyo ni kizazi cha 4 hadi cha 6. Hizo ndizo ex-UK zilizojaza bedsitter kutoka Umoja mpaka Kayole, na zote zimefungiwa mlango wa kawaida wa Windows 11. Microsoft ilitangaza nyongeza ya masasisho kwa watu binafsi hadi 13 Oktoba 2026, so kuna pumzi kidogo kwa wale walijiandikisha, lakini pumzi ina mwisho.

Kwa hivyo unashuka tao, Luthuli ama Moi Avenue, na unapatana na ile dili kila mtu anapewa: leta ya zamani, ongeza doo, chukua mpya. Hapo ndio watu hupotezea kazi yao. Kaunta inataka lapi yako saa hiyo hiyo, wewe umebeba fleshi ya GB 16, na muuzaji anakuambia atakuhamishia vitu "dakika kumi tu". Anakopi Documents na Desktop, basi. Beat zako, fonti zako, paswadi za brauza na template za kazi zote zinabaki kwa mashine ambayo kesho iko kwa mtu mwingine.

Ushauri wangu wa kwanza hauna teknolojia yoyote: kama unaweza kujipanga, nunua mpya kwanza, kaa na zote mbili wiki mbili au tatu, ndio upeleke ya zamani. Utapata doo kidogo chini kwa kuuza baadaye, sawa. Lakini kuna faili huwezi kukumbuka mpaka siku unaihitaji.

Kwa nini programu haikopiwi kama wimbo

Hili swali linaulizwa kila saiba: si nichukue tu folda ya Program Files niiweke kwa lapi mpya? Haifanyi kazi, na sababu ni rahisi. Programu ikiinstoliwa kwa Windows inajigawa. Sehemu moja inakaa Program Files, nyingine ProgramData, setingi zako zinakaa kwa folda iliyofichwa inaitwa AppData, na zaidi ya yote inaandikwa kwa rejista ya Windows. Rejista ni kama kile kitabu cha keateka wa ploti. Unaweza kuwa na kitanda na sufuria zako ndani ya keja, lakini kama jina lako haliko kwa kitabu, soja hakufungulii geti. Ukikopi folda peke yake, umebeba fanicha bila kuandikishwa.

Ndio maana kuhama kunagawanyika mara tatu. Faili zako unazibeba. Programu unaziinstoli upya. Setingi unazitoa kwa ya zamani na kuzirudisha kwa mpya, na hapa ndio kuna kazi.

Zamani Windows ilikuwa inakusaidia. XP ilikuwa na kifaa chake cha kuhamisha faili na setingi, Vista na Windows 7 zikaja na Windows Easy Transfer, halafu Windows 10 ikaiondoa kabisa. Microsoft wakati huo ikaelekeza watu kwa PCmover ya Laplink, ambayo inajaribu kuhamisha hadi programu zenyewe, ila unailipia. Kwa mtu mwenye programu nne au tano sioni haja. Hiyo ganji weka kwa hadi diski ya nje.

Siku hizi kuna Windows Backup, iko ndani ya Windows 10 na 11. Inashika folda zako na kuzipeleka OneDrive, inakumbuka setingi, paswadi za WiFi na orodha ya apu zako. Ina mipaka miwili ambayo hawakuambii. Nafasi ya bure ya OneDrive ni GB 5, na hiyo inaisha na video moja ya harusi. Pili, apu za Microsoft Store zinaweza kurudi, lakini zile ulizotoa kwingine zinarudi kama alama tu ya kukupeleka ukaitafute mtandaoni.

Na kuna kizuizi kingine kinachowapata wanunuzi wa tao hasa. Ile skrini ya kurudisha bakapu hutokea wakati Windows inawashwa mara ya kwanza. Lapi ya dukani mara nyingi ishawashwa na muuzaji, ina akaunti inaitwa "User" au "HP" na Office imewekwa hujui imetoka wapi. Ukitaka kurudisha bakapu yako vizuri, ingia Settings, System, Recovery, kisha Reset this PC, uanze upya. Mimi ningeireset hata kama sina bakapu, kwa sababu sijui mtu alifanya nini na hiyo mashine kabla yangu.

Reset hiyo ifanyie dukani, ikiwa na intaneti, kabla hujatoa doo. Ex-UK nyingi zilikuwa za makampuni, na zingine bado zimeandikishwa huko. Ikiwashwa upya na kupata intaneti, inakukaribisha kwa jina la kampuni ya watu na kukuomba imeili ya kazi usiyokuwa nayo. Ukiona hivyo, rudisha hiyo lapi. Hakuna fundi wa Mutindwa atakayeitoa kwa orodha ya kampuni hiyo.

Orodha ya programu kwa amri moja

Hii watu hawaijui na inaokoa jioni nzima. Kwa lapi ya zamani fungua Terminal au Command Prompt, andika:

winget export -o D:\programu.json

D hapo ni herufi ya fleshi yako, badilisha ikiwa ni nyingine. Inaandika orodha ya programu zote inazozitambua. Zile isizozijua inakuambia pale pale kwa skrini, hizo ziandike kwa karatasi au zipige picha. Ukifika kwa mpya, chomeka fleshi na uandike:

winget import -i D:\programu.json

VLC, Chrome, Zoom, 7-Zip, LibreOffice na wenzao wanashuka wenyewe ukiwa unakunywa chai. Itakula bando, kwa hivyo ifanyie mahali kuna WiFi. Na kuhusu WiFi, paswadi zote ulizowahi kuweka unaweza kuzitoa. Tengeneza folda inaitwa wifi ndani ya fleshi, kisha:

netsh wlan export profile key=clear folder=D:\wifi

Kila mtandao unakuwa faili moja. Kwa lapi mpya unaingiza moja moja kwa netsh wlan add profile filename= ukifuatisha njia ya faili hiyo. Kumbuka paswadi ziko wazi ndani ya hizo faili, mtu yeyote anaweza kuzisoma. Ukimaliza futa.

Kubeba faili stima ikipotea katikati

Mtaani unajua hii hadithi. Umefika asilimia 80, stima inaenda, betri ya lapi ya zamani ilishakufa 2022. Kwanza, tumia kopi, usitumie kat. Pili, acha kuburuta na mausi kama ni GB nyingi. Tumia robocopy, iko ndani ya Windows tayari:

robocopy C:\Users\jinalako D:\bakapu /E /XJ /R:1 /W:1

Stima ikirudi unaandika amri ile ile na inaruka zilizokwisha fika, inaendelea na zilizobaki. Pia inabeba AppData ndani yake, ambayo kuburuta Documents hakuwezi.

Ikiwa faili moja kubwa inakataa kuingia kwa fleshi na nafasi unaiona ipo, fleshi imepangwa kwa FAT32, na hiyo haikubali faili moja ya kuzidi GB 4. Iformati iwe exFAT, lakini toa vitu vilivyo ndani kwanza. Na tafadhali usiunganishe lapi mbili kwa ile kebo ya USB yenye vichwa viwili vya kawaida. Hiyo inapeleka umeme wa mashine moja kwa nyingine na inaweza kuchoma poti. Kebo ya mtandao, ile ya rauta, inafanya kazi bila noma kati ya lapi mbili, ukishea folda.

Sasa kulingana na mboka yako

Ukiwa produsa. Ethic walitoka Umoja na Lamba Lolo mwaka 2018 na tangu hapo kila ploti ina mtu mwenye spika mbili na FL Studio. Faili ya .flp peke yake haibebi sauti. Ndani ya FL nenda File, Export, chagua Zipped loop package, na kila sampo iliyotumika inaingia kwa zipu moja. Beba pia folda ya Image-Line iliyo ndani ya Documents. Plagini za watu wengine lazima uziinstoli upya, na ikikosekana moja, ngoma inafunguka lakini ile laini iko kimya. Kwa hivyo, kwa kazi za wateja, kabla ya kuhama toa kila sauti peke yake kama WAV: kiki, besi, vokali, zote. WAV itafunguka hata miaka kumi ijayo kwa programu yoyote. Na ukijaribu kuanza kwa toleo la majaribio la FL, jua linakubali kuhifadhi projekti lakini halikubali kuifungua tena mpaka ununue.

Ukiwa dijei, kinachouma kupoteza ni mpangilio zaidi ya nyimbo: kreti, alama za kuanzia, biti ulizorekebisha usiku. Serato huweka hayo kwa folda inaitwa _Serato_ ndani ya Music, na kama nyimbo ziko kwa diski ya nje, kuna _Serato_ nyingine huko. VirtualDJ huweka kwa folda ya VirtualDJ, ndani ya Documents au ndani ya AppData kulingana na toleo. Halafu herufi ya diski. Kama nyimbo zilikuwa E: kwa ya zamani, hakikisha ziko E: kwa mpya, unabadilisha kwa Disk Management. Bila hiyo unafika kwa gigi na majina yote yako, yamegeuka mekundu.

Wa graphics, fonti ndio maisha. Mtu ameleta kazi ya programu ya mazishi Ijumaa jioni, mwili unazikwa Jumamosi ocha, unafungua template ya mwaka jana na maandishi yote yamerukaruka kwa sababu fonti haipo. Fonti za Windows ziko sehemu mbili: C:\Windows\Fonts, na zile ulizojiwekea wewe mwenyewe ziko %localappdata%\Microsoft\Windows\Fonts. Andika hiyo njia kwa ile ba ya juu ya File Explorer na itafunguka. Brashi na vitu vya Photoshop vinatolewa kwa Edit, Presets, Export/Import Presets. Kwa wale wa video, Premiere ina Project Manager inayokusanya klipu zote zilizotumika kwa folda moja, maana projekti yenyewe ni ramani tu.

Waandishi wa mtandaoni na wale wa saiba: Word ina kumbukumbu zake. Mipangilio yako ya ukurasa iko kwa Normal.dotm ndani ya %appdata%\Microsoft\Templates, na maneno yote uliyofundisha kamusi, majina ya watu na ya mitaa, yako %appdata%\Microsoft\UProof. Bila hiyo faili Word itaanza tena kukupigia mstari mwekundu kwa kila jina la Kenya.

Brauza na ile kodi ya namba ya simu

Chrome ukiwasha usawazishaji kwa akaunti ya Google, vialamisho na paswadi vinakufuata. Kama hukuwasha, kukopi folda ya Chrome hakutakuletea paswadi, zimefungwa kwa ufunguo wa Windows ile ya zamani. Zitoe kwa chrome://password-manager/settings kama faili ya CSV, ziingize kwa mpya, kisha futa hiyo CSV na uondoe hadi kwa Recycle Bin. Hiyo faili ikishikwa na mtu, ameshika maisha yako. Firefox ni rahisi zaidi: folda yake ya profaili inabeba kila kitu, paswadi pia, unaipata kwa kuandika about:profiles.

Lakini shida kubwa kuliko paswadi ni kodi. Lapi mpya kwa macho ya Gmail, Upwork au PayPal ni mtu mgeni. Itakuomba kodi, na kodi inaenda kwa laini uliyojiandikisha nayo, labda ile iliyopotea kwa mat ya Jogoo Road. Kabla hujaigusa ya zamani, ukiwa bado umo ndani ya akaunti, badilisha namba na uchukue kodi za akiba. Google inakupa kumi. Ziandike kwa karatasi, weka pamoja na kitambulisho. Watu wamepoteza akaunti zenye miaka ya kazi na rating safi kwa hili tu, na hakuna ofisi ya kwenda kulia.

WhatsApp ya lapi haina shida, meseji ziko kwa simu, unaskani tu tena. Ila mafaili uliyoyapakua kutoka huko yako Downloads, na Downloads ndiyo folda watu husahau.

Leseni, na tuongee ukweli

Windows iliyokuja na lapi ya zamani mara nyingi ni leseni ya OEM, inakufa na hiyo mashine. Andika slmgr /dli na itakuonyesha kama ni OEM au Retail. Ya Retail unaweza kuhama nayo. Microsoft 365 inafuata akaunti yako, toka kwa ya zamani na uingie kwa mpya. Adobe inakubali mashine mbili, kwa hivyo toka kabla ya kuuza.

Najua nusu ya programu za mtaani ni za kuvunjwa. Sitakuhubiria, nakuambia tu zinavyofanya siku ya kuhama. Hazihamishiki, ile faili ya kuvunja inakulwa na Defender ya lapi mpya, na unaanza kutafuta nyingine kwa saiti za ajabu ukiwa umezima ulinzi. Hapo ndipo wezi wa paswadi huingilia, wanachukua kila kitu brauza imehifadhi. Kama unahama, jaribu wakati huo huo za bure: LibreOffice, Inkscape, GIMP, Audacity, DaVinci Resolve kama mashine ina nguvu.

Na kama ya zamani haiwaki kabisa

Usikate tamaa. Bodi ikifa, diski mara nyingi ni nzima. EliteBook na ThinkPad za miaka hiyo zina diski ya inchi 2.5 unayotoa kwa skrubu chache, unaiweka kwa kesi ya USB, unaichomeka kwa mpya na inaonekana kama fleshi kubwa. Zingine zina M.2, zinahitaji kesi tofauti, so fungua uangalie kabla ya kununua. Folda ikisema huna ruhusa, bonyeza Continue na ungoje.

Kitu kimoja kinaweza kukuzuia: BitLocker. Diski ikiwa imefungwa itakuomba ufunguo wa tarakimu 48. Kama ulitumia akaunti ya Microsoft, ufunguo uko kwa ukurasa wa akaunti hiyo. Kama uko popote pengine na huna, data imeenda, na fundi anayekuahidi kuivunja anataka doo yako tu. Lapi mpya ya Windows 11 inaweza kuwasha hiyo kufuli yenyewe ukiingia na akaunti ya Microsoft, kwa hivyo uutafute ufunguo wake wiki hii ya kwanza.

Kabla ya kaunta

Tumia mpya wiki mbili kwa kazi halisi. Fungua projekti za zamani, chapisha kitu, ingia iTax na eCitizen. Kila unachokosa, rudi kuchukua.

Halafu safisha. Kufuta na kuondoa Recycle Bin si kusafisha, programu ya bure inarudisha hizo faili. Nenda Reset this PC, chagua Remove everything, fungua Change settings na uwashe Clean data. Itachukua masaa, iache kwa chaja. Wa saiba hasa, hii haikwepeki: kwa hiyo diski kuna nakala za vitambulisho, PIN za KRA na vyeti vya watu wa ploti nzima, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhesabu wewe kama mtu aliyepaswa kuzilinda.

Ikimaliza na kufika pale inauliza nchi, izime hapo hapo. Beba na chaja yake, juu bila chaja wanakukata bei.